Mshipi Aliousahau Fundi Saa

Ukitaka kumjua Fundi Saa, mtazame jicho la kulia. Limezungukwa na duara lisilofutika hata siku za mapumziko, alama ya kile kioo cha kukuzia anachokibana hapo tangu asubuhi mpaka jioni. Mke wake husema siku ya mwisho malaika hawatahitaji kumuuliza jina.

Ni mtu wa kudadisi tangu utotoni. Alipokuwa na miaka minane aliifungua saa ya mezani ya baba yake ili amwone aliyekuwa akigonga humo ndani. Hakumwona mtu, akairudishia vilevile, skrubu mbili zikabaki mkononi, na saa ikaendelea kutembea kama kawaida. Alichapwa, lakini kilichomkaa kichwani si fimbo. Ni zile skrubu mbili. Mpaka leo, na mvi zake hizo, akikaa kimya muda mrefu ujue anajiuliza zilikuwa na kazi gani.

Duka lake lina upana wa mlango mmoja na nusu, limebanwa kati ya duka la madaftari na kinyozi. Ukutani zimetundikwa saa kama thelathini, na kila moja ina msimamo wake. Ukimuuliza saa ngapi, anatoa kichwa nje na kumuuliza kinyozi.

Kazi anaijua, hilo hakuna mwenye kubisha. Ugonjwa wake ni ule wa mafundi wote chini ya jua: kesho. "Njoo kesho, imebaki kidogo tu." Anayasema maneno hayo kwa upole kiasi kwamba mteja anaondoka akishukuru, na akifika nyumbani ndipo anakumbuka kwamba hata jana aliambiwa hivyohivyo. Kinyozi humwita Mzee Kesho, ila akiwa hayupo. Chini ya meza kuna droo ambayo mimi ningeiita makaburi, lakini yeye anaiita droo ya kusubiri.

Sasa, mtu huyuhuyu alikuwa askari. Alikuwa mmoja wa watu tisa wa Kikosi, kile kikundi cha maombi kilichokutana kila asubuhi katika chumba cha nyuma ya kanisa, kati ya ngoma za kwaya na spika iliyokufa. Alijiunga kwa sababu ya udadisi. Alisikia kuna vita visivyoonekana, akataka kujua jinsi vinavyofanya kazi. Aliisoma ile barua ya Paulo kwa Waefeso, pale penye silaha za Mungu, kama mtu anayesoma mchoro wa mashine, akitafuta nini kinazungusha nini. Na maswali hayakuisha.

"Hii mishale ya moto," aliuliza siku moja, "ngao ikishaizima, inaangukia wapi?"

"Fundi, wewe omba," alijibu Jenerali.

Jenerali ndiye aliyekuwa kiongozi. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Miaka thelathini na tano aliwaambia watu wasukume, na kwenye maombi aliwaambia vilevile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na saa ya chuma ya kujaza kwa mkono, ya kiume, aliyoachiwa na kaka yake. Kwa saa hiyo alifungua maombi saa kumi na mbili kamili. "Dakika moja ya kuchelewa," alisema, "ni mlango umemwachia adui." Hakuna aliyetaka kuwa mlango huo.

Kabla ya kuomba, kila mmoja alijivika silaha kwa maneno, akijigusa mwilini. Zilikuwa sita. Fundi kila siku alipata tano. Alianza na dirii kifuani, akashuka kwenye viatu vya Injili ya amani, akainua ngao ya imani, akavaa chapeo ya wokovu kichwani, akashika upanga wa Roho, halafu akabaki ametoa macho kama mtu aliyesahau ufunguo.

"Kiunoni, Fundi!" Jenerali alimkaripia. "Mshipi wa kweli! Unaingia vitani suruali inaanguka?"

Chumba kizima kilicheka, naye alicheka. Kesho yake alisahau tena.

Basi Jenerali akaja na jambo jipya. Alichukua kopo la biskuti, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka mlangoni mwa kanisa. Kila mwenye vita aandike adui yake kwenye kikaratasi akitumbukize. Jumapili, Kikosi kitalitikisa kopo, kila askari atachota kimoja, hatamwonyesha mtu, naye ataomba siku saba mpaka adui huyo aanguke. Jumapili inayofuata, ushuhuda mbele ya wote.

"Waandike hofu na majaribu?" Fundi aliuliza. "Maana Paulo anasema vita vyetu si juu ya damu na nyama."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Jenerali. "Adui atajwe!"

Wakatajwa. Kanisa likaandika lile ambalo binadamu akipewa kalamu huliandika: mawifi, wenye nyumba, wakubwa wa kazini. Mtu mmoja, baadaye tulikuja kujua, aliandika jogoo wa jirani.

Fundi alichota cha kwake, akajisogeza nyuma ya ile spika, akakifungua. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zimesimama wima.

"Fundi wa saa. Bwana, pambana naye wewe. Mimi nimechoka."

Kwanza alitaka kucheka. Mji ule ulikuwa na mafundi wa redio, wa viatu, wa baiskeli, lakini fundi wa saa alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa amejibanza nyuma ya spika. Kisha masikio yakapata moto. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atafute mahali pa kuweka mikono. Wenzake wanane walikuwa wakikunja vikaratasi vyao kwa nyuso za vita. Yeye alikitia chake mfukoni na kuimba wimbo wa kufunga huku hajui anaimba nini.

Jumatatu, baada ya maombi, aliingia dukani akafunga nusu ya mlango, akabana kioo jichoni na kukilaza kikaratasi mezani. Nani? Aliangalia wino, akaangalia mkunjo. Alipokigeuza, alikuta mhuri uliofifia wenye picha ya saa ndogo, mhuri aliouchonga mwenyewe kwa mpira wa kandambili. Ilikuwa stakabadhi yake, ile anayompa mteja anayeacha saa. Chini ya mhuri palikuwa na namba, 88.

Mkono wake ulijua kabla ya kichwa. Ulikwenda wenyewe kwenye droo ya kusubiri, ukafukua mpaka chini, ukatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na saa ya kiume ya chuma, kioo kimekwaruzika pembeni. Hakuhitaji kuifungua. Alijua kwamba moyo wake haumo.

Ilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma, Mwalimu, yule mama aliyefundisha chekechea mpaka akastaafu, alimletea saa ya marehemu mume wake isafishwe. Wiki hiyohiyo Jenerali aliingia dukani kama upepo: saa yake imesimama na wiki ya maombi inafunguliwa asubuhi. Fundi aliifungua, akakuta lile gurudumu dogo linalochezacheza, linalohesabia saa nzima mwendo wake, mhimili wake umevunjika. Dukani hakukuwa na jingine. Ila saa ya Mwalimu, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya kiwanda kilekile na umri uleule. Jenerali alikuwa amesimama mlangoni akigonga kucha kwenye meza. Fundi alilitoa gurudumu la marehemu akaliweka katika saa ya aliye hai. Alijiambia, nitamtafutia Mwalimu jingine kesho.

Kiwanda kilikuwa kimekufa zamani. Kila aliyemwandikia alimjibu hana. Na Mwalimu alikuja, na kila alipokuja aliambiwa kesho.

Tangu alipokisoma kikaratasi, wiki ikawa ndefu. Askari ni askari, alikuwa ameapa kumwombea adui kwenye kikaratasi mpaka aanguke. Jioni ya Jumatatu alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kwa sauti ya Kikosi.

"Bwana, mpige huyu fundi wa saa! Mpige..." Akasita. "Mpige kidogo."

Alijaribu tena. Ni kazi ngumu kuomba ukiwa pande zote mbili za vita. Akiomba kwa nguvu, anaogopa atajibiwa. Akiomba kwa ulegevu, anamdhulumu mama wa watu aliyechoka.

Mke wake alikuwa mlangoni na kapu la nguo. "Unamwombea nani?"

"Siri ya Kikosi."

"Huyo fundi wa saa mimi namjua," alisema mke wake. "Mlango wa jikoni kwake unaning'inia kwa bawaba moja tangu kitinda mimba wake yuko darasa la pili. Sasa binti anaolewa. Mwombee sana, baba, mwombee na kwa ajili yangu." Akaenda zake kuanika.

Jumanne alipekua makopo yote ya vyuma chakavu kutafuta gurudumu linalofanana. Hakupata. Jumatano shetani, ambaye katika hadithi hii hakuonekana sana kwa kuwa hakuhitajika, alimpa wazo zuri mno: Jumapili asimame, aseme adui ameanguka, apigiwe amina, basi. Nani angejua? Kikaratasi hakina jina la aliyekiandika, na kilikuwa mfukoni mwake. Alilipenda wazo hilo kwa saa nzima. Kama angesema kweli, Jenerali angemvua cheo mbele ya kanisa zima, na kinyozi angepata cha kusimulia mpaka kufa kwake. Miaka minne katika Kikosi ingeishia kwenye gurudumu dogo kuliko kifungo cha shati.

Alhamisi, ili kujipa moyo, aliichukua Biblia dukani akairudia ile sura kwa kioo cha jichoni, neno kwa neno. Ndipo akaona jambo ambalo miaka minne aliliruka. Paulo haanzi na dirii. Anaanza kiunoni. Kwa nini? Fundi aliacha kila kitu akalifikiria hilo kama mtu wa chuma na skrubu. Askari wa zamani alivaa kanzu ndefu, asipojifunga atajikwaa mwenyewe kabla hajafika kwa adui. Na upanga unaning'inizwa wapi? Kwenye mshipi. Na dirii inakazwa na nini isicheze? Mshipi. Alimchora askari kwenye bahasha ya kaki, akamfuta mshipi, akaona vitu vyote vinamwanguka miguuni. Alikuwa ameishi miaka mitatu na skrubu hiyo mkononi, akijisifu kwamba saa inatembea.

Alifunga duka saa tisa mchana. Kinyozi alitoka nje kuhakikisha kwamba ni kweli.

Mwalimu aliishi nyumba ya tatu kutoka kisimani, na Fundi alimkuta barazani akitia kava kitabu cha mjukuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nije kesho? Umejisumbua bure, Fundi. Ningekuja mwenyewe."

Hakukaa. Alijua akikaa ataanza habari za mvua. Alitoa kikaratasi, akakiweka juu ya kitabu.

"Nilikichota mimi, Mwalimu."

Mama yule alikitazama, akamtazama, uso ukambadilika. "Yesu wangu. Kati ya watu tisa?"

"Nami nimekuja kukwambia kweli. Saa yako haiponi. Nilitoa gurudumu lake nikaliweka kwenye saa ya mtu mwingine. Wiki ileile uliyoileta. Kila nilipokwambia kesho, nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mwalimu aliweka mkasi chini. Sauti yake haikupanda, na ndiyo iliyomuumiza Fundi zaidi. "Nimekuja mara kumi na tisa. Mwalimu huhesabu. Siku nyingine miguu imevimba nimekuja. Siku nyingine sikutaka hata kuichukua, nilitaka unifungulie tu niisikie, maana nyumba hii ikiwa kimya inakuwa kimya mno. Wewe ukanipa kiti, ukanipa maji, ukaniambia kesho. Ungenitukana ningejua pa kuanzia. Ila ulikuwa mpole, Fundi. Mtu mpole unamwandika wapi? Nikamwandika kwa Mungu."

Fundi alitazama vidole vyake. Kwa mara ya kwanza hakutafuta kisingizio.

"Gurudumu lenyewe liko wapi sasa?"

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa. "Liko kwenye saa ya Jenerali."

"Ile ya mkononi? Anayofungulia maombi?"

"Hiyohiyo."

Mabega ya Mwalimu yalianza kutikisika, na Fundi akadhani analia, akasogea hatua moja, akakuta mama anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na katika kujifuta hukuweza kujua tena lipi ni lipi.

"Ulimjua mume wangu?"

"Wa lori. Nilimwona tu barabarani."

"Miaka thelathini na moja alinileta kanisani kila Jumapili asipokuwa safarini. Ananifikisha mlangoni, anazima injini. Namwambia, haya, Dereva, twende. Ananiambia, nenda, Mwalimu, mimi nalinda gari. Nani aibe lori mlangoni mwa kanisa? Nilifunga kwa ajili yake, nilimwombea, nilimnunia. Amekufa hajakanyaga kizingiti." Akashika kifua. "Kumbe kile alichokijaza kwa mkono wake kila asubuhi kimeingia. Tena hakikukaa nyuma na wageni, kimeingia mpaka Kikosini! Kila siku, saa kumi na mbili kamili!"

Fundi naye akajikuta anatabasamu. Kosa kubwa.

"Wewe usicheke," alisema Mwalimu. "Kucheka ni kwangu, kosa ni lako. Naitaka saa yangu hivyohivyo ilivyo."

"Nitakuletea kesho asu..." Neno lilimtoka kwa mazoea, akaliona hewani, angeweza angelirudisha kwa mkono. "Leo. Naileta leo."

Alikwenda na kurudi nusu anatembea nusu anakimbia, mtu mzima na koti lake. Mwalimu aliipokea, akaivaa. Ilimlegea mpaka karibu na kiwiko. Hakusema asante na hakupaswa.

Jumapili kopo liliwekwa mbele na mashahidi wakasimama. Mkubwa wa kazini wa mtu fulani amehamishwa, amina. Wifi wa mwingine ameomba radhi, amina. Jogoo ameliwa na jirani mwenyewe, na aliyesimulia alikuwa na furaha isiyopendeza. Kisha Jenerali akaita, "Fundi! Adui yako ameanguka?"

Fundi alisimama. Akaweka mkono kiunoni. "Kwanza mshipi," alisema, na wanane wa Kikosi wakageuka kumtazama. Halafu akaeleza kila kitu, kikaratasi, namba, gurudumu, miaka mitatu. Jina la Mwalimu hakulitaja, mpaka yeye mwenyewe, kutoka benchi la tatu, aliposema, "Ni mimi, endelea." Alipofika kwenye saa ya nani, alimtazama Jenerali machoni na kulisema hilo pia.

Kanisa halikusema amina. Kinyozi, ambaye huja kanisani mara mbili kwa mwaka, alikuwa ameichagua Jumapili hiyo. Jenerali aliitazama saa yake kama mtu aliyeambiwa mkono si wake. Kisha akaifungua, akashuka, akaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwizi.

Mwalimu aliiweka sikioni. Aliiacha hapo muda mrefu, watu wakaanza kukohoa. Mwishowe alimshika Jenerali mkono wa kushoto akamvisha saa hiyo.

"Ivae, dada. Asubuhi nitakuja kuisikia."

"Na huyu?" Jenerali alimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Tumfanyeje?"

"Huyo nilishampeleka panapohusika," alisema Mwalimu. "Naona ameanza kushughulikiwa."

Kopo lilirudi jikoni kwa Jenerali likawekewa chumvi. Jioni ile bawaba ya pili ya mlango wa jikoni ikafungwa, na mke wa Fundi aliufungua na kuufunga mara tano.

Jumatatu, zikiwa zimebaki dakika mbili kufika saa kumi na mbili, viti vya chumba cha nyuma vilikuwa kumi. Mwalimu, ambaye hakuwahi kufika maombi ya asubuhi, alikaa kushoto kwa Jenerali, upande wa mkono wenye saa, na ile isiyo na gurudumu ikiwa imelegea kwenye mkono wake mwenyewe. Walijivika silaha. Fundi alianza kiunoni akamaliza na upanga, zikafika sita, na hakuna aliyecheka.

Jenerali aliinua mkono. "Saa imefika."

Watu waliinamisha vichwa. Mwalimu hakuinamisha chake. Aliitazama saa ya mkono ule, akaigusa kwa kidole kimoja, akasema taratibu kama anaongea na mtu aliyezima injini nje:

"Haya, Dereva. Twende."